Mistari Niliyoifuta kwenye Injini ya Camaro

Ami Haji,

Assalaamu alaykum huko uliko. Najua aliyelala makaburi ya Qusais hapa Dubai hasomi barua, na ungekuwa hai ungenicheka na kuniambia, "Mwanaisha, kazi zimekwisha leo?" Lakini juzi jina lako limeandikwa mahali lilipostahili kuandikwa, na sina mtu mwingine atakayeelewa ukubwa wa jambo hilo. Madam amefurahi, ndiyo, ila kwa madam gari ni kitu cha kumfikisha kwa dada yake.

Gari yenyewe ni ile Camaro ya sitini na tisa. Unaijua kuliko unavyowajua wajukuu zako, lakini niache niisimulie tangu mwanzo, maana utamu wa kuisimulia umenishika. Marehemu baba yake arbab, mume wa madam na bosi wetu, aliiagiza Marekani ikiwa mpya, akaiendesha miaka michache, kisha ikasahauliwa shambani Hatta. Siku ilipoletwa hapa Al Warqa ilikuwa na mavi ya mbuzi kwenye viti, na boneti imebonyea mbuzi hao walipokuwa wakiiparamia. Mimi nilikuwa mfanyakazi wa ndani, mwaka wangu wa pili tangu nitoke Kisauni, Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kufua, kupiga pasi na kung'arisha mabirika ya madam. Wewe ndiwe fundi uliyeitwa kuifufua; nilikuletea chai uani nikasimama kutazama. Ukaniuliza kama mikono yangu inaogopa grisi. Nikakujibu kwamba mikono hii imeosha masufuria ya harusi za Kisauni nzima, sasa grisi ni kitu gani? Ulicheka mpaka ukakohoa. Tangu siku hiyo madam akaniruhusu saa mbili kila baada ya alasiri, na saa mbili hizo zikaendelea kwa miaka sita.

Ulinifundisha kuitazama gari kama anavyoitazama mnunuzi. Nilidhani gari kuukuu ya Kimarekani hupanda bei kwa kung'aa na kunguruma. Ukaniambia wanaonguruma ni wengi, na kung'aa kunanunuliwa kwa kopo. Mtu anayekusanya gari hizi anauliza kwanza kama injini iliyomo ndiyo ile iliyofungwa kiwandani, kama giaboksi ni yake, kama rangi ni ile iliyotajwa kwenye karatasi za kiwanda. Majibu yakiwa ndiyo, bei yake inajenga nyumba Nyali. Injini ikiwa imetolewa kwenye gari nyingine, bei inaporomoka, hata gari ikipendeza vipi. Ndiyo maana arbab alipotaka ipakwe nyekundu na kuwekewa rimu kubwa za kumeremeta, ulivaa kofia yako ukaenda zako, ukakaa nyumbani siku tatu mpaka akamtuma dereva kukubembeleza. Nani mwingine angemnunia arbab siku tatu na bado akaitwa? Mimi nilikuwa najivunia kununa kwako kama vile nimenuna mwenyewe.

Sasa nikwambie nililokuficha, kwa sababu habari yote imesimama hapo.

Ilikuwa wiki ya Idi, mwaka wangu wa nne na wewe. Arbab alikuwa na wageni wa kuja kuiona gari, na wewe ulikwenda Deira kutafuta bolti. Nikafungua boneti nikafuta kila kitu. Mbele ya injini nikaona kile kibapa kidogo cha chuma kilichopigwa nambari, kimefifia, kina madoa ya kutu. Nikaona aibu, wageni waje waone nambari chafu! Nikachukua msasa laini nikakisugua kama ninavyosugua birika la madam, mpaka kikang'aa na nambari zikasomeka vizuri. Uliporudi uliinama pale kwa muda mrefu. Kisha ukafunga boneti ukaomba chai.

Miezi kadhaa baadaye ulinionyesha injini ya gari nyingine. Ukaniambia nisome zile nambari na pia niitazame ile mistari myembamba chini yake, mistari ya mashine ya kiwandani. Ukasema walaghai huchukua injini yoyote, wakasaga nambari ya zamani na kupiga mpya inayofanana na ya gari, na wakisaga, mistari hufutika. Kwa hiyo kibapa laini ni dalili ya wizi. Nilijua nimefanya nini. Nikaona haya kukwambia, nikasema nitakwambia kesho, na kesho zikaenda hivyo mpaka moyo wako uliposimama, kabla ya Ramadhani ya mwaka jana.

Mwaka huu arbab ameamua kuiuza. Siku hizi wanaume wa Ghuba wameamka, kila mmoja anataka Mustang au Camaro ya ujana wa baba yake, na wanunuzi wenye fedha hawatoi neno kabla ya kusoma ripoti ya mthamini. Akaletwa mzungu mmoja mrefu, miwani inaning'inia shingoni. Alizunguka gari saa nzima akiisifu. Alisifu milango inavyofunga, alisifu rangi, alisifu hata ulivyoinyoosha ile boneti ya mbuzi. Mimi nimesimama na sinia ya kahawa, kichwa juu. Halafu akaimulika injini kwa tochi, akapitisha kidole juu ya kile kibapa. Akamwambia arbab mbele ya wageni wake wawili, "Nambari hii imepigwa upya. Samahani, sir, fundi wako alikuwa mjanja."

Mjanja! Wewe, uliyekuwa ukirudisha hata misumari iliyobaki!

Arbab alikunja uso. Mgeni mmoja akasema si ajabu, mafundi wote ni hivyo hivyo. Nikaona kwamba dakika ile, mbele ya gahawa na tende, unageuzwa mwizi na huwezi kujitetea. Niliogopa, sikufichi. Viza yangu iko mkononi mwa arbab, na nimeharibu mali ambayo siwezi kuilipa hata nikifua nguo mpaka nizeeke. Nikaweka sinia chini.

"Sir," nikasema, "mzee hakugusa nambari ile. Ni mimi niliyeisugua. Kwa msasa. Nilikuwa nasafisha."

"Unajua unachosema?" arbab akaniuliza.

"Najua, sir."

Mzungu akatabasamu kwa huruma, akasema inawezekana, lakini neno la mfanyakazi wa ndani haliingii kwenye ripoti. Hapo ndipo nilipokumbuka faili. Kabla hujaigusa gari yoyote kwa spana, ulikuwa ukiweka karatasi nyembamba juu ya nambari ya injini na kuisugua kwa penseli, mpaka nambari na mistari yake vitoke kwenye karatasi. Mafundi wenzako walikuita mwalimu wa chekechea kwa tabia hiyo. Nikaomba ruhusa, nikaenda kwenye kabati la zana nikaleta faili la Camaro.

Nilitegemea karatasi moja. Zilikuwa mbili, zimebanwa pamoja. Ya kwanza ilitolewa siku gari ilipofika kutoka Hatta: nambari ni zilezile, umbo lilelile, na mistari ya kiwanda imejaa chini yake. Ya pili, kwa tarehe yake, ilitolewa wiki ile ya Idi: nambari zilezile, mistari haipo. Na pembeni kuna mwandiko wako. Mzungu akaninyooshea karatasi, akauliza umeandika nini, na ikabidi nitafsiri kwa sauti mbele yao wote.

"Mwanangu kasafisha. Asiambiwe."

Ami, uliona. Siku ile ile uliona. Ulijua nimekata thamani ya kazi yako ya miaka, ukatoa karatasi na penseli kuilinda gari, ukanilinda na mimi, halafu ukaomba chai. Nililia pale pale, mbele ya arbab, na sikuona haya hata kidogo.

Mzungu aliinama na karatasi zako karibu na injini, akilinganisha kila mkwaruzo wa kila tarakimu. Kisha akainuka, akavua miwani, akasema injini ni yake, ilizaliwa na gari hii, na kwamba katika kazi yake hajawahi kuona fundi aliyetunza ushahidi namna hii. Arbab akasema, "Khalas. Andika jina la fundi." Mzungu akasema fomu haina nafasi ya jina la fundi. "Yalla, tengeneza nafasi," arbab akamjibu. Juzi ripoti imekuja. Umo humo, Ami, jina lako lote na la baba yako, na Unguja ulikozaliwa. Bei iliyoandikwa chini yake imemfanya arbab akae chini. Mimi niliisoma nikiwa wima, kwa sababu mimi nilijua siku zote.

Hakunifukuza. Amenikabidhi funguo za kabati lako, na kuna Mustang inakuja mwezi ujao ambayo amesema niifungue mimi. Nakuahidi kwamba nitaanza na penseli. Na yeyote nitakayemfundisha, akiharibu kwa nia njema, nitaomba chai kwanza.

Camaro imepata mnunuzi wa Kuwait. Faili linaondoka nayo, pamoja na ile karatasi ya pili. Nilitaka kuibakisha. Niliishika usiniulize muda gani. Madam aliniambia nichukue, aweke nakala badala yake. Lakini bila karatasi yenyewe shaka itarudi, na atakayeingia shakani ni wewe, basi nimeirudisha mahali pake kwa mkono wangu. Mungu akulaze pema, Ami. Kila atakayeimiliki gari ile baada yetu atasoma kwamba ulikuwa na binti Dubai.

Mwanao,
Mwanaisha