Hita ya mkwe katika chumba cha mzazi

Ifakara, Alhamisi 20 Juni 1996

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi pokea salamu za mama mtu mzima. Hapa nyumbani tupo. Baba watoto, Melkiori, anakusalimu, mguu unamsumbua lakini anatembea, kijana wetu Gaudensi aliyeko Mlimba angekusalimu kama angekuwepo, wifi yangu Justa aliyekuja kutoka Mchombe kutusaidia anakusalimu, binti yangu Fausta anakusalimu akiwa kitandani, mume wake Evod naye anakusalimu ingawa hajui kama naandika, na mjukuu wangu Kandida mwenye wiki tatu bado hajui salamu, ila ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo uvumilie mwandiko. Naomba msaada na naomba usinicheke.

Fausta huyu, huu ndio uzazi wake wa kwanza, akaja kujifungulia kwetu kama desturi, na kwetu mzazi hakai kwenye upepo, anakandwa maji ya moto asubuhi na jioni, anakunywa uji wa pilipili manga, na chumba kinakuwa na moto. Mimi nimezaa watano katika nyumba ya nyasi, gogo linawaka pembeni, moshi unajipitia juu kwenye nyasi, na nikatoka mzima. Sasa tuna nyumba ya matofali yenye bati na silingi bodi, na mwaka huu baridi ya Juni pamoja na manyunyu yanayotushukia kutoka milimani vimetukamata kweli. Evod ni fundi magari kwenye mradi wa barabara, akasema kuni zitaharibu silingi na moshi utamuumiza mtoto macho, akaleta hita ya gesi, aliachiwa na mzungu mmoja aliyekuwa anakaa kwenye baridi huko Mufindi akarudi kwao. Ni kama kabati dogo la chuma lenye magurudumu, mtungi umekaa mgongoni kwa ndani, na mbele kuna vyuma vinavyogeuka vyekundu. Watu walikuja kuitazama kuliko walivyokuja kumtazama mtoto. Mzee Pantaleo aliyekuwa mshenga wa ndoa yao akaniambia, "Mama Gaudensi, mkwe kama huyu mfiche, watamwiba."

Sasa sikiliza kosa langu. Mimi na mkwe wangu hatutazamani usoni, neno lake linanifikia kwa kupitia Fausta, na siku ile alimwambia, "Mwambie mama dirisha liachwe wazi kiasi." Fausta akanieleza, mimi nikasema moyoni, mwanamume anajua nini habari za uzazi. Nikafikiri hivi, tundu ni la kutolea moshi, na kitu hiki hakina moshi hata kidogo, basi tundu la nini tena, si la kumwingizia mzazi upepo tu. Nikachana shuka kuukuu nikaziba dirisha pande zote, nikaziba chini ya mlango, nikapanda kwenye stuli nikaziba na vile vitundu vya hewa vya juu kwa viroba, na nilifanya hivyo huku naimba.

Jumatatu mchana mvua ilikuwa inanyesha, nikaiwasha, nikaenda jikoni kukoroga uji. Kurudi, Fausta hawezi kuinua kichwa, ananiambia, "Mama, kichwa kinapasuka, na miguu siisikii," mara akatapika, na mtoto amelala, namtia ziwa la mama yake mdomoni hashiki, namfinya unyayo halii. Nikamwita Justa tukawatoa wote mpaka barazani kwenye ubaridi ule ule ninaoukimbia, na baada ya muda mtoto akalia, Fausta akaomba maji. Nikasema ni malaria, tukaenda zahanati, wakatoa damu, hakuna malaria. Jumanne tena vile vile. Jana tena.

Wifi yangu anasema, "Wifi, huyu mtoto hajashikwa na homa, ameshikwa na mtu."

"Mtu gani?"

"Si hao waliojaa humu kutazama hita. Agnella alisimama hapo mlangoni kama amepigiliwa msumari."

Agnella ni jirani yangu, tumelima shamba la mpunga pamoja miaka kumi na moja, na tangu Jumanne simsalimii vizuri. Justa anasema Jumamosi ya wiki ijayo anambeba mtoto kwenda naye kwa mganga huko kwao Mchombe, na baba watoto ameshakubali.

Mimi mshauri moyo wangu unaniambia ni ile hita, kwa sababu hata mimi nikikaa humo kichwa kinaniuma, lakini sijamwambia mtu. Nikisema, wataniuliza nani aliziba dirisha, na nikiirudisha, mkwe ataona tumemdharau, na kila jioni akija hapo barazani anamuuliza mkewe, "Unapata joto?" na Fausta anajibu ndiyo kwa fahari. Kwa hiyo ninachofanya, mchana kutwa naiacha imezimwa, halafu saa kumi naiwasha ili akija na baiskeli yake akute chumba kina moto, akiondoka naizima. Najua unanishangaa. Nifanyeje nisimpoteze mjukuu na nisimwaibishe mkwe? Nijibu upesi, usingoje, tumia sanduku la parokia nililoandika nyuma ya bahasha.

Mimi, Mama Gaudensi

JIBU

Mama Gaudensi, kama unasoma hapa na hita inawaka, weka gazeti chini, kaizime, kisha urudi.

Barua yako imenifikia Jumanne na sikungoja zamu ya gazeti. Siku hiyo hiyo nilikutumia simu ya maandishi kupitia posta: ZIMA HITA FUNGUA DIRISHA PELEKA MZAZI NA MTOTO HOSPITALI. Ninayoandika hapa ni maelezo yake, na ni kwa ajili ya mama wengine wenye nyumba mpya na desturi ya zamani.

Moyo wako ulikuambia kweli. Moto wowote unakula hewa ile ile mnayovuta, na ukifungiwa mahali pamoja nanyi unaanza kutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Moshi wenyewe hukufukuza, unakuwasha macho ukatoka. Sumu hii inakulaza. Katika nyumba yako ya nyasi hukufanya jambo tofauti, ila nyasi zilikuwa zinapumua kwa niaba yako. Silingi bodi haipumui. Yale matundu ya juu uliyoyaziba kwa viroba, fundi hakuyaweka kwa urembo.

Nami nakuuliza, mchawi gani anayekaa chumbani tu na kushindwa kuvuka mlango kwenda barazani? Mara tatu umewatoa nje na mara tatu wamepona. Umemwokoa mjukuu wako mara tatu, mama, kwa mikono yako, na hilo sitaki ulisahau. Lakini ukamrudisha humo mara tatu ili mkwe afurahi, na hapo nakukemea bila kumung'unya. Mtoto wa wiki tatu hana nguvu ya kungoja heshima za watu wazima.

Safari ya Mchombe haipo. Mtakwenda hospitali, hata kama leo wanaonekana wazima, na ukifika mtaje hita na dirisha lililozibwa, kwa sababu zahanati walitafuta malaria maana ndicho ulichowaambia. Hita isirudi katika chumba hicho. Wala usiweke jiko la mkaa mahali pake, hilo ni baya zaidi. Joto la mzazi lipo: mkande maji ya moto kama ulivyofundishwa, mpe uji wake, mvike soksi, na Kandida alale kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi likiwafunika mgongo na kichwa kikiwa wazi. Ondoa viroba vyote. Upepo mdogo juu ya dirisha haujamuua mzazi.

Kuhusu mkwe, hujui ulivyo na bahati. Huyu kijana alisema dirisha liachwe wazi. Zawadi yake haina kosa, maagizo yake yalikuwa sahihi, aliyeyapuuza ni wewe, na unaogopa kumwaibisha wakati ukweli wenyewe unampa heshima. Kama hamtazamani usoni, mshenga yupo. Mwite Mzee Pantaleo, mketi na baba watoto na wifi yako, useme mbele yao, "Nilikosea, niliziba." Pantaleo atamfikishia Evod. Justa akisikia hivyo, habari ya mganga itakufa hapo hapo.

Ukimaliza hapo nenda kwa Agnella. Usimtume mtu, hakuna mwiko kati yenu. Mwambie kilichotokea na kwa nini salamu zako zilikuwa baridi, hata kama atakununia.

Jioni Evod akija na kumuuliza mkewe kama anapata joto, mwache Fausta ajibu kweli, hata akisema hapana. Halafu niandikie mstari mmoja tu, sihitaji salamu za mtu yeyote: Kandida ananyonya vipi.