Sumu Iliyotegewa Kicheche

Kijiji cha Isansa,
Mbozi, Songwe.
18 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Anyitike,

Bwana Yesu asifiwe. Hujambo, na mkeo Tabita na watoto hawajambo? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuacha, au bado unakibembeleza kwa tangawizi? Sisi huku miili ni mizima, ila mvua imezidi na mahindi yanageuka manjano.

Usishangae kupata karatasi wakati simu ninayo. Nyumba yetu unaijua: nikiongea jikoni, mama anasikia akiwa uani. Barua hii nampa jirani yetu Raphaeli, dereva wa lori, anayeteremka huko kutoka Tunduma.

Nianze na bata. Wale uliomletea mama tulipomaliza kumzika baba, ili asijione mgeni kwangu, waliongezeka mpaka wakatuchafulia uwanja wote. Tukimsema mama, anacheka. Kisha akaingia kicheche. Mnyama yule hachukui mmoja akaridhika. Anauma shingo, anaacha, anarukia mwingine. Tulifyeka vichaka vyote kando ya kahawa. Shemeji yako Ipyana akaliinua banda juu ya nguzo, akazizungushia bati asipate pa kukwea, akaziba madirisha kwa wavu. Wapi! Bata waliokataa kulala bandani aliwafuata hukohuko nje. Akabaki jike mmoja, anaatamia juu ya gunia ndani ya stoo.

Hapo Ipyana akakata shauri. Alitoboa mayai mawili, akatia dawa ya wadudu wa kahawa kwa sindano, akaziba kwa nta ya mshumaa, akayaacha nyasini anakopita kicheche. Mimi nilikuwa Vwawa, nimempeleka mwanangu Atupele hospitali. Na kwetu unajua, mkwe hasemezani na mama mkwe. Kila neno hupitia kwangu. Basi hakumwambia kitu.

Mama akatoka kutafuta mayai kama kawaida yake, maana bata hutaga popote wanapojisikia. Alipoyaona yale mawili alifurahi, akidhani yupo bata aliyenusurika anayetaga porini. Macho yake, na huo mtoto wa jicho, hayakuiona nta. Akamwekea jike ayaatamie pamoja na mengine. Moja likapasuka, jike akalila. Niliporudi nilimkuta mama amempakata bata mfu. Ipyana akaniungamia habari ya dawa, nami nikamfikishia mama.

Ningekuambia maji yakimwagika hayazoleki, tukaishia hapo. Lakini mama anauliza swali moja tu: ni nani mwingine anayeokota mayai kwenye uwanja huu? Anaamini aliyetegwa ni yeye. Ipyana analia, mwanamume mzima, lakini hawezi kwenda kumkabili. Nikisema mimi, ninaambiwa namtetea mume. Mama ameshafunga nguo zake, anataka kwenda Ileje, kwenye nyumba ya kaka yake marehemu ambako hakuna hata wa kumchotea maji. Nimewakasirikia wote wawili, na ninaogopa.

Nakuomba uje. Wewe ni mwanawe, na kwa Ipyana ni shemeji. Unaweza kukaa katikati yao ukamfikishia mama maneno ya mkwewe. Usitume hela, wala usituletee bata wengine. Njoo tu, tena upesi.

Msalimie Tabita na watoto, na shangazi Enesi mkionana. Ipyana anakusalimu kwa aibu. Atupele homa imemwacha, anamsalimu mjomba wake.

Salamu za mama sina. Asubuhi ya leo nilimpelekea uji, nikamwomba anipe neno la kukuandikia. Alichota kidogo akamwagia jogoo, akakaa akimtazama. Alipoona jogoo yuko salama, ndipo akanywa. Ni uji wangu mimi, Anyitike, na aliyenizaa ni yeye.

Mungu akutangulie njiani.

Wako akupendaye,
dada yako Tukuswiga