Injini Yako Kwenye Pikipiki ya Baba

Kaka Tope,

Huku wote wazima, na paka amezaa tena ndani ya helmeti yako.

Usinune, lakini nimeifungua ile pikipiki yako ya mashindano ya matopeni. Ilikuwa inaota kutu tu uani. Injini yake nimeipandisha kwenye fremu ya pikipiki ya Baba ya barabarani, maana ya kwake ilishakufa. Haikukubali kirahisi! Matundu ya bolti hayakulingana hata moja, ikabidi nikate vishikio vya zamani nichomelee vipya. Mama akapita na ndoo, akasema, "Hiyo ni ndoa ya kulazimishana."

Jana jioni ikawaka. Kaka, mlio ule ule! Nikakuona unavyoingia umejaa tope hadi kwenye kope, Baba anakugombeza huku anakuwekea ubao kizingitini upandishe pikipiki.

Tangu mlipokosana hataki jina lako litajwe. Na macho yake yamekwisha kabisa, hilo sikuwahi kukuandikia.

Basi nikazunguka mtaani kidogo. Niliporudi, nikamkuta mlangoni. Alikuwa amepapasa ukuta mpaka akaupata ule ubao, ameuweka kizingitini, amesimama pembeni.

"Pitisha taratibu," akasema, "mama yako amepiga deki."

Nikaipandisha pikipiki taratibu. Akanishika uso, akawa anatafuta tope kwa vidole. Hakulikuta. Akashusha mkono.

"Ubao," akaniambia, "uache hapo hapo."

Mdogo wako,
Spana