Mlango Uelekee Mtoni

Majengo, Kahama
19 Mei 2024

Mdogo wangu mpendwa Hilda,

Salamu nyingi kutoka huku saiti. Hamjambo wewe na watoto? Kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima, ila mgongo umechoka kwa kubeba zege. Nakula, nalala, nashukuru Mungu.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu mama ananikatizaga. Msomee taratibu.

Jirani yetu Gody alipita hapa na lori, akanieleza hali ya nyumba yetu ya Kirumi. Maji ya mto yameshuka, lakini tope limejaa ndani na ukuta wa chumba cha mama umepasuka. Kumbe mama anataka kutoka kwa shangazi Kiabakari arudi mwezi huuhuu, na fundi ameshaitwa apige plasta!

Mwambie fundi asubiri. Ukuta wa tofali mbichi ukipakwa saruji ungali na maji, nje unapendeza, ndani unaoza. Huku niliona mmoja ukianguka mchana, watu wanakula. Na msije mkaukausha kwa jiko la mkaa madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi wake unaua.

Sasa niseme wazi. Pale tusirudi. Mto umeingia ndani mara mbili tangu baba afariki, na mama hana tena mbio. Tujenge kule juu kilimani, kwenye ua wa katani. Bati, mbao na mlango bado vizima. Tofali za juu hazikulowa, zibebeni. Za chini ziacheni. Mwezi wa saba napata likizo, nitajenga kwa mikono yangu.

Najua mama ameshaanza: "Baba yenu nimwachie viboko wa mtoni?" Kaburi ndilo linalomfunga, wala si nyumba.

Mama, hapa naongea na wewe. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nachunga ng'ombe pale kwenye katani. Nilikuwa nakuona kule chini uani kwetu unaanika mtama, hata ukishika fimbo kunitafuta nilikuwa nakuona mapema. Baba amelala uani hapohapo. Kutoka kule juu utamwona kila asubuhi, na miguu yako ikiwa mikavu.

Hilda, mama akinyamaza, ujue amekubali. Chukua jembe, chora msingi. Mlango uelekee mtoni.

Nisalimie shangazi Prudence, Yakobo na watoto wote. Mungu awafunike mpaka tuonane.

Kaka yako anayekupenda sana,
Enoka