Njahi za Kibuyu cha Juu

Nyaguthii, mke mwenzangu,

Anayeshika kalamu ni Kananu, mke wa mwanao Muriithi. Mimi nasema, yeye anaandika. Unajua sikusoma, na wewe hukusoma, kwa hivyo huko uliko tafuta mtu akusomee, usijifanye unaona. Tunatumia Kiswahili kwa sababu msichana ni wa Timau na Kikuyu chake bado kinajikwaa. Na hiki Kiswahili si ni wewe ulikileta nyumbani, kutoka kule shamba la Mzungu. Nimemwambia asinyooshe maneno yangu.

Ulikufa wakati wa kahawa, mikono yetu yote ikiwa kwa miti. Watu walisema nisimkasirikie Mungu. Sikumkasirikia Mungu. Nilikukasirikia wewe. Miaka yote hiyo tumegombana, kutoka jiko lako mpaka jiko langu, halafu unaenda kimya kimya asubuhi kabla sijakuletea uji.

Nyumbani tuko. Nduma za kando ya mto ziko sawa. Mnavu umeota wenyewe pale ulipokuwa ukimwaga majivu, mwingi kuliko ule niliopanda, na hilo limeniudhi. Thabai, ile mboga ya majani yanayowasha, nimeyaacha nyuma ya zizi. Nimemfundisha Kananu kuyachuma ulivyonifundisha, unayabana kwa jani la mgomba, unavuta bila kusitasita. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili akanitukana kwa Kimeru, nikajua huyu atakaa. Mimba ilipokuwa kubwa nesi wa zahanati akamwambia ale mboga za majani na maharagwe kwa ajili ya damu, akasema kama ni habari mpya. Nilitaka kumjibu. Hukuwako wa kunikanyaga mguu, nikajikanyaga mwenyewe.

Kananu bado anakaanga kila kitu. Kitunguu, mafuta, kitunguu tena. Nilimwambia ulivyokuwa ukisema, ati kitunguu ni cha kuficha mboga iliyolala. Akacheka, akaweka kimoja badala ya viwili.

Sasa niseme kile kilichonifanya nimketishe msichana wa watu hapa na mtoto mgongoni.

Siku tatu kabla hujaenda ulinishika mkono. Mkono wako ulikuwa mwepesi kama ganda la hindi. Ukasema, "Mama Gathoni, kibuyu cha juu ni cha mke wa Muriithi." Nikasema sawa. Hukuhitaji kunieleza zaidi. Sote tulijua una vibuyu viwili vya njahi. Cha chini kilikuwa cha kupika. Cha juu kilikaa kwenye itara, pale moshi unapopita juu ya meko, na ndani yake ilikuwa mbegu tupu iliyochanganywa na majivu. Mbegu ya mama yako. Maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni, madogo kuliko haya ya soko la Gakindu. Kila mwanamke aliyezaa katika boma hili alipikiwa hayo, yakapondwa na ndizi mbivu, maziwa yakaja. Bwana shamba alipokukataza kupanda kitu kati ya kahawa, ulimwambia ndiyo bwana, ukampa uji, na alipopanda baiskeli yake ukarudi na jembe.

Siku ya kukuzika watu walikuja kuliko tulivyofikiria. Wengine hata sikuwajua. Na unajua watu wanavyomtazama mke mwenza siku kama hiyo. Analia au halii. Anatoa au anaficha. Akina mama wa kanisa walileta ile sufuria yao kubwa, nikamwaga kibuyu cha chini chote. Hazikufika hata nusu. Mmoja wao akaangalia pembeni akasema, "Hizi zinatosha, mama. Tutaongeza maji."

Maji. Kwa mazishi yako.

Nilipanda kwenye kigoda nikashusha kibuyu cha juu. Niliosha majivu kwa mikono yangu. Na sikusahau, Nyaguthii. Ningetaka kukuambia nilisahau, kwamba kilio kilinichanganya, lakini hapana. Nilikumbuka kila neno lako nikiosha, na bado nikamimina, ili watu wasiseme mke wa pili alimzika wa kwanza kwa mchuzi wa maji. Wakala. Wakasifu. Kuna mmoja aliuliza kama kuna zingine za kubeba.

Kananu ameacha kuandika. Ananitazama. Hili alikuwa halijui.

Andika, mwanangu. Zilikuwa zako.

Ameandika.

Basi tumbo la huyu likawa linakua, na mimi kila nikiwasha moto naangalia juu, pale kwenye itara, hakuna kitu. Nilienda Gakindu nikachota njahi za soko mkononi, nikazirudisha kwenye gunia. Mwenye gunia akaniuliza, "Shosho, unatafuta nini, dhahabu?" Nilijua ni mahali pamoja tu naweza kupata mbegu ile. Kwa Wangui, mdogo wako, kule Endarasha. Na unajua mimi na Wangui. Tangu aseme kwenye arusi ya Gathoni wangu kwamba mukimo niliopika, viazi vya kupondwa na mahindi, ni wa kulisha ndama, sikuwa nimemsalimia.

Nilienda baada ya kahawa kuisha. Kule baridi inauma hata saa sita mchana. Njahi haipendi baridi, lakini Wangui amezipanda kando ya ukuta wa jiko, upande unaopata jua, na zinamzalia kidogo kidogo. Si za kushiba, ni za kumkumbuka mama yenu. Nilikataa kiti. Nikamwambia nikiwa nimesimama: nimepika mbegu ya mama yako, na Nyaguthii alikuwa amenikabidhi.

Alikuwa anachagua viazi. Akaendelea kuchagua.

"Zote?"

"Zote."

"Hata dada alizipika zote," akasema.

Nikamwambia asimsingizie maiti. Akaniambia, "Keti basi, Mama Gathoni, uache kunisimamia kama askari."

Nikaketi. Na hapo ndipo aliponiambia kitu ambacho wewe ulikificha mpaka kaburini.

Unakumbuka tulipofungiwa kijijini na serikali ya Wazungu, enzi zile za mtaro na miti iliyochongwa, mzee wetu akiwa kizuizini. Gathoni alizaliwa humo. Hakukuwa na ng'ombe, hakukuwa na shamba, na mimi kifua kilikuwa kikavu. Ulinipikia njahi siku nne. Nilidhani umezipata mahali. Nilikula nikinung'unika ati hazina chumvi. Wangui anasema zile ndizo zilikuwa mbegu zote ulizokuwa nazo. Ulikuwa umezishona kwenye pindo la shuka walipotuhamisha, ukaziokoa nyumba zilipochomwa, halafu ukanipikia mimi. Mimi, mke mdogo, niliyekuwa sikusalimii vizuri. Zilipoisha ukavuka mto mchana mweupe, bila kibali, askari wakiwa darajani, ukaenda kijiji alichokuwa Wangui kuomba kiganja kimoja cha kuanza tena. Akakuuliza kwa nini umemaliza mbegu ya mama. Ukamwambia, "Mama naye angezipika."

Ni hayo tu ulimwambia. Mimi hukuniambia hata neno. Tuligombania kuni, tukagombania maji, tukagombania hata upande wa kuanika nguo, na siku zote hizo ulikuwa na neno moja la kuninyamazisha na hukulitumia. Mwanamke wewe. Mimi ningekukumbusha kila asubuhi.

Lakini nisijifananishe. Wewe ulizipika kwa sababu mtoto wangu alikuwa na njaa. Mimi nilizipika kwa sababu ya macho ya watu. Nilimwambia Wangui hivyo. Akaniambia, "Najua. Sijasema ni sawa." Halafu akaingia ndani akatoka na kitambaa kimefungwa, viganja viwili. "Kimoja upike, kimoja upande. Na usiniletee mukimo." Nikacheka. Kisha nikalia mbele yake, kitu nilichokuwa nimeapa njia nzima kwamba sitafanya.

Kananu amejifungua salama. Ni msichana, wa kwanza, kwa hivyo jina ni lako, mama wa baba yake, hapakuwa na la kujadili. Nyaguthii. Ana paji lako la uso, pole yake. Analia kama anaamrisha.

Kiganja kimoja nilikipika katika kile chungu chako kidogo. Nilimwaga maji ya kwanza, yale meusi, nikachemsha tena mpaka zikalainika, nikaponda na ndizi mbivu. Sikuweka kitunguu. Nikampelekea Kananu kitandani. Akala vijiko viwili, akasema, "Mama, hazina chumvi."

Nilitoka nje nikasimama karibu na mgomba mpaka nikaweza kurudi ndani.

Maziwa yalikuja siku iliyofuata.

Kiganja cha pili nimekipanda jana, mvua imeanza. Nimezipanda kati ya kahawa, palepale pako. Bwana shamba mpya akija, uji uko.

Sasa nakuahidi, na safari hii kuna mtu anaandika. Zikizaa, mavuno ya kwanza hatutaonja. Nitayachanganya na majivu, na Kananu ndiye atakayefunga kizibo na kupanda kwenye kigoda kukiweka kibuyu juu, kwa mkono wake. Macho ya watu hayatakishusha tena. Lakini mwanamke mwenye mtoto akija hapa mlangoni na kifua kikavu, na hakuna kingine, Kananu atakishusha na kupika mpaka mbegu ya mwisho. Nimemwonyesha njia ya kwenda Endarasha.

Pumzika, mke mwenzangu. Kiti chako kiko upande wa mlango, pale ulipopenda. Nimekataza watu kukikalia, isipokuwa huyu mdogo akianza kuketi.

Mimi wako wa jiko la pili,
Mama Gathoni