Kizee Chekundu Hakinihitaji Tena

Jumamosi

Nina wivu. Naandika hivyo ili niache kujidanganya.

Mwezi mzima nimejigamba mtaa wote wa Kinindo na pikipiki mpya ya safari ndefu, yenye kioo mbele na masanduku ubavuni. Walinzi wa mageti wananipigia saluti. Mutu kama mimi, aliyefika Kampala na Lubumbashi, angebaki na kizee chekundu, kipikipiki cha miaka kumi na nne? Nikakiacha kwa muuzaji, nikaongeza pesa, nikachukua mpya.

Leo nikakikuta mbele ya bandari. Aliyekinunua ni seremala wa Cibitoke, upande wa pili wa mji, anapiga kiki mpaka jasho linamtiririka. Hakiwaki. Nikafurahi, astaghfirullah. Nikajiambia, kinanikumbuka.

Kisha yule baba akakipapasa tanki polepole. "Pole mama, umechoka. Nitakusukuma mpaka nyumbani."

Mpaka Cibitoke, kwa miguu, na jua lile. Mimi sikuwahi kukiita mama.

"Kaka, apana sukuma," nikamwambia. "Kilaze kushoto, hesabu mpaka kumi, esansi iteremke toka tanki. Kisha piga kiki moja tu."

Kikawaka.

"We umejuaje?"

"Mi fundi wa dunia nzima."

Akacheka, akanishukuru, akaenda zake. Kwamba kilikuwa changu, sikuweza kumwambia. Nikarudi kwenye pikipiki yangu mpya.

Hii mpya inabonyezwa tu, inamwakia yeyote. Ile mbinu ya kulaza kushoto ilikuwa siri yetu wawili, na nimeigawa mwenyewe, barabarani, bure. Kesho asubuhi atakilaza, atahesabu, na kitamwakia.