Mkalimani wa Kifungu cha Saba

Jumatatu, 10 Februari 2025

Simu saa nne, watoto wa chekechea wakiwa kwenye uji. Karani wa bunge la kaunti. Wanatafuta mtu wa kutafsiri Kiorma na Kiswahili. Kuna mswada wa njia za mifugo na mashamba, na Alhamisi kamati inakuja Minjila kusikiliza wananchi. Chifu ndiye aliyewapa jina langu. Nikakubali kabla ya kuuliza chochote. Kiorma nilikiokota hukohuko Minjila nikiwa mdogo, mama akiuza ndizi sokoni. Leo kimeitwa kazi!

Jumanne, 11 Februari

Boda ameniletea nakala ya mswada. Kurasa thelathini na moja. Nimesoma hadi wali ukaungua.

Kifungu cha saba: orodha ya malka zitakazolindwa, zile njia za ng'ombe kushuka mtoni kunywa. Ndani ya malka hakuna kulima. Ya nne kwenye orodha ni ile inayopita kando ya shamba la kaka Gershom. Kusema kweli haipiti kando tena. Imo katikati ya migomba yake.

Jumatano, 12 Februari

Gershom alipita. Hakukaa. Akasema watu wa ng'ombe watasema mengi kesho. Nikasema ndiyo, watasema. Akasema basi wewe lainisha kidogo, si lazima kila neno livuke — nani atajua?

Baba alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha ualimu. Alilima hadi viganja vikapasuka. Aliacha mkungu wa ndizi mlangoni akaenda.

Alhamisi, 13 Februari

Nimefika nyumbani sasa hivi. Niandike kabla sijasahau.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Wafugaji kulia, wakulima kushoto, hakuna aliyewapanga. Mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Abdia, ni mwanamke mfupi mwenye sauti isiyo na haraka. Mzee mmoja wa Kiorma akaanza: kwani sheria si hutoka Nairobi? Mnatusumbulia nini?

"Nairobi ina yake, mzee," akasema. "Haya ya mifugo na mashamba katiba imeyaleta huku kaunti. Lakini hata sisi hatuna ruhusa ya kujifungia bungeni Hola tukayapitisha. Tusipowasikiliza, mmoja wenu anaweza kwenda mahakamani, na jaji akaifuta sheria yote."

"Hata gavana akishatia sahihi?"

"Hata akishatia."

Nikatafsiri. Mzee akanitaka nirudie. Mmoja? Mmoja tu? Nikarudia: mmoja tu. Nimefundisha miaka kumi na tisa chini ya picha ya bendera na sikuwahi kuliwaza jambo hili. Wakubwa hawa wote, na wanatakiwa kutuogopa kidogo.

Halafu akaitwa Kadra, Mama Halake. Karani alishanionya: usiseme "anasema kwamba". Sema "mimi", kama yeye.

"Mimi ni Kadra. Mume wangu alifariki. Kiangazi hiki nazunguka kilomita tisa kutafuta maji kwa sababu njia imefungwa. Ndama watatu wamenifia."

Mpaka hapo sawa. Kisha akasema, bila kumtazama mtu, kwamba vigingi vya mpaka wa malka viling'olewa, aliyeving'oa ni Gershom, na kwamba yeye mwenyewe, akikama ng'ombe asubuhi, alimwona kwa macho yake.

Nilijua. Nimeviona vigingi vyenyewe nyuma ya jiko la kaka, vinne, vya simenti. Kimoja amefungia mbuzi.

Nikanyamaza. Kamati ikangoja. "Mwalimu?" akaniita Mheshimiwa Abdia. Gershom alikuwa safu ya tatu, ananitazama. Humo ndani wanaojua lugha zote mbili hawakosi, lakini si hao walionitisha. Kilichonitisha ni Mama Halake, jinsi alivyosimama akingoja kwa utulivu, bila shaka hata kidogo kwamba maneno yake yatafika. Mbele ya kamati hakuwa na kinywa kingine ila changu.

Nikasema. "Vigingi viling'olewa. Aliyeving'oa ni Gershom. Nilimwona kwa macho yangu." Nilimwona — mimi! Kwa sauti yangu!

Kelele. Watu wakasimama. Mheshimiwa Abdia akagonga meza: hapa si kortini, hakuna mshtakiwa, na Bwana Gershom ana dakika tano zake kama huyu mama.

Kaka akainuka. Nilidhani atakana.

"Ni kweli, niliving'oa. Mafuriko ya mwaka juzi mto ulihama, ukala ekari zangu mbili. Nikabaki na watoto sita na mchanga. Ningelima wapi?"

Nami nikageukia upande wa kulia, kwa Kiorma: mimi niliving'oa, mto ulikula shamba langu. Mama Halake akainua kichwa. Aliniuliza mimi, si kamati: mto ulikula? Lini? Hakujua! Ni jirani naye muda wote huo, na hakujua.

Kwa saa moja nimekuwa wote wawili.

Ijumaa, 14 Februari

Gershom hajapita.

Alhamisi, 6 Machi

Karani ametuma rekodi ya kikao na ripoti. Ukurasa wa kumi na nne: "Bi. Kadra (kupitia mkalimani)". Neno kwa neno. Hata pale niliponyamaza wameandika — "(Kimya)". Chini yake Gershom. Herufi zilezile, ukubwa uleule.

Na kifungu cha saba kimebadilika! Malka inabaki, ila mkulima ambaye mto umemlia shamba apewe mahali pengine kwanza, kabla ya kuondolewa. Hili hakuna wa Hola aliyelijua. Limetoka midomoni mwa hawa wawili, likapita kwangu, sasa ni mstari wenye nambari.

Nimekwenda kwa Gershom bila kualikwa. Alikuwa ananoa jembe, hakugeuka. Nikasoma kwa sauti. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma mara tatu.

Jioni kwa Mama Halake. Akauliza yeye yuko wapi kwenye karatasi. Nikamwonyesha jina. Akaweka kidole hapo, akakiacha muda mrefu.

Jumatano, 19 Machi

Hola, bungeni, viti vya wananchi. Simu hairuhusiwi, kalamu inaruhusiwa. Naandika gotini.

Mswada unapigiwa kura leo. Tumekuja gari moja, sisi watatu. Mama Halake amefunga Ramadhani. Gershom ana chupa ya maji ndani ya koti na tangu Garsen hajaigusa.

Mjumbe mmoja anapinga kipengele kipya: ardhi ya kugawia watu iko wapi, tukianza hatutamaliza. Mwingine anaunga mkono, anasoma ukurasa wa kumi na nne! Anasoma "mto ulikula ekari zangu mbili" kwa sauti yake kubwa. Gershom anatazama viatu.

Spika ameuliza wa ndiyo, kisha wa hapana. Sauti zimelingana. Wajumbe wanadai kura zihesabiwe. Kengele inalia, milango inafungwa.

Mama Halake ananivuta kanga kwa nyuma ya Gershom: wanasema nini? Nanong'ona kupita mgongoni kwake, askari ananikunjia uso. Gershom ameinuka. Amenipa kiti chake, amekaa changu, ili niwe karibu na mama. Kisha naye ameinamisha kichwa upande wetu asikie.

Wanaitwa majina. Wa kwanza, ndiyo. Wa pili, hapana. Wa tatu, hapana. Mama Halake anahesabu kwa vidole. Gershom pia.

Wa nne ni mjumbe wa wadi yetu. Amesimama. Kabla ya kusema ndiyo au hapana anatazama juu, huku tulipo —